Sahihi ya Prefe

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, barabara za miji yetu hugeuka nyeupe. Waliofaulu humwagiwa poda kichwani, hubebwa mabegani, na akina mama hutoka nje wakipiga vigelegele. Nasi tumepiga vigelegele hivyo, wala hatuoni kosa katika furaha hiyo: familia iliyouza mbuzi, kisha kiwanja, ili mtoto afike mwisho wa humanite ina haki ya kelele za siku moja. Lakini poda huoshwa jioni ileile. Miezi michache baadaye kijana yuleyule huketi katika ukumbi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Profesa anasoma maelezo yake, naye hawezi kuyaandika, kwa kuwa Kifaransa alichofundishwa miaka yote hiyo hakikumfikia. Tunawafahamu vijana hao. Wanaimba nasi katika kwaya, wanatumikia altareni pamoja na wadogo zetu. Mmoja wao alituletea barua ya kuomba kazi ili tumsahihishie kabla ya kuipeleka. Barua ilikuwa na mistari tisa, na hatukuona humo sentensi moja iliyosimama. Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na nakala ya diploma yake: asilimia 62.

Watu wakitafuta mkosaji, humtaja kwanza mwalimu, kisha Serikali, kisha simu za mkononi. Kwa Serikali tutafika, maana deni lake ni kubwa. Lakini leo tunataka kusema juu ya mtu ambaye hatajwi sana katika malalamiko haya, ingawa sahihi yake iko chini ya kila buletini inayotoka katika shule ya sekondari nchini mwetu. Huyo ni prefe wa masomo. Alama huandikwa na walimu, lakini buletini ni karatasi tu mpaka prefe atie sahihi na kupiga muhuri wa shule. Kwa sahihi hiyo anawaambia wazazi, anaiambia Serikali na anaiambia jumuiya ya waamini iliyomkabidhi shule: nashuhudia kwamba mtoto huyu amefundishwa haya na anayajua. Tunasema bila kuzunguka kwamba maprefe wengi wanatia sahihi juu ya mambo wasiyoyaona, na kwamba sisi wakristu tumeizoea hali hiyo hata tukasahau kuwa ni ushuhuda wa uongo.

Tuangalie jina lenyewe la kazi. Hakuitwa prefe wa fedha, wala prefe wa majengo, wala prefe wa mapokezi ya wageni. Aliitwa prefe wa masomo. Kazi yake ya kwanza ni kujua kinachofundishwa. Mwanzoni mwa mwaka anapaswa kupokea kutoka kwa kila mwalimu mpango wa masomo ya mwaka mzima na kuulinganisha na programu ya taifa. Kila siku ya kazi anapaswa kuweza kuona maandalizi ya somo. Mara kwa mara anaingia darasani, anaketi nyuma, anasikiliza somo toka mwanzo hadi mwisho, anaandika maoni yake na kuyazungumza na mwalimu faraghani. Yeye ndiye mkubwa wa baraza linaloamua nani apande na nani arudie. Ana wasaidizi, direkta wa masomo na direkta wa nidhamu, katika shule zenye uwezo wa kuwa nao. Lakini msaidizi hatii sahihi mahali pake.

Mwaka fulani baadhi yetu tulichaguliwa kuingia katika komite ya wazazi ya shule moja ambayo hatutaitaja. Tulikwenda kumwona prefe saa mbili asubuhi, tukaketi kwenye benchi nje ya ofisi yake mpaka saa tano. Tulihesabu watu kumi na wanne walioingia kabla yetu. Mmoja alileta hesabu ya mbao za madawati. Wengine wote, bila kumwacha hata mmoja, walikuja kwa ajili ya minervali: kulipa, kuomba kungojewa, kugombea risiti iliyopotea, kulia. Zamu yetu ilipofika tulikuta mezani mashine ya kuhesabia, mihuri mitatu na orodha ndefu ya wasiolipa, iliyopigwa mistari kwa wino mwekundu. Tuliomba kuona daftari la ziara za madarasa. Alilitafuta kwa muda, akalipata chini ya katoni ya chaki. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa miaka miwili nyuma, na maoni kwa kila mwalimu, wa hisabati kama wa dini, yalikuwa maneno yaleyale: somo zuri, endelea.

Prefe yule hakuwa mtu mbaya, na hakutukasirikia. Alituuliza tu: «Nikiingia darasani saa nzima, nani atapokea fedha?»

Swali lake tumelibeba tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya shule zetu. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za Kanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha kwa mkataba: Serikali ingepanga programu, ingekagua na kulipa mishahara, Kanisa lingesimamia. Ndiyo maana tunaziita hadi leo shule za mkataba. Kisha ikaja miaka ya 1990, mishahara ikawa si kitu, na ili milango isifungwe wazazi wakaanza kuchanga ile primu ya mwalimu. Ilisemwa kuwa ni kwa muda. Muda huo sasa umepita miaka thelathini. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, na shule ya msingi ya umma ikawa bure; lakini sekondari iliachwa juu ya mabega ya wazazi, hata ile miaka miwili ya kwanza ambayo sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliiweka katika elimu ya msingi. Kuna walimu wanaofundisha kila siku na majina yao hayamo katika orodha ya malipo ya Serikali. Katika Kivu na Ituri kuna shule zilizolazwa wakimbizi wa vita madarasani. Hayo yote ni kweli, na anayemhukumu prefe bila kuyataja anamdhulumu. Serikali inayotaka mitihani mizuri na kuwaacha walimu wale kutoka mfukoni mwa mama anayeuza ndizi haina uso wa kumkemea yeyote.

Lakini hatukubali kwamba hadithi imalizikie hapo. Umaskini unaeleza kwa nini maabara haina chupa hata moja. Haielezi kwa nini daftari la ziara lina vumbi. Kuketi nyuma ya darasa kwa saa moja hakulipiwi hata faranga. Tena upokeaji wa fedha unaweza kufanywa na mhasibu, au na benki pale ilipo, mbele ya macho ya komite ya wazazi. Kusikiliza somo na kulipima hakuwezi kufanywa na mhasibu. Prefe aliyechagua kukaa karibu na sanduku la fedha amechagua, hata kama mazoea yamemfanya asione tena kuwa ni uchaguzi. Na tuseme jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: wako wanaopenda kukaa hapo.

Tunajua kwamba inawezekana kufanya vingine, kwa sababu tumeona. Baadhi yetu tulisoma, na baadaye tukafundisha, chini ya mama mmoja prefe katika shule ya mbali na mji, yenye paa la bati na madirisha yasiyo na vioo. Kila Ijumaa mchana aliingia katika kila darasa na kuchukua madaftari matatu: moja la mwanafunzi hodari, moja la mtu wa katikati, moja la yule wa mwisho. Aliondoka nayo kwenye kapu, kama mtu atokaye sokoni. Jumatatu yalirudi, na ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, si kwa mwanafunzi bali kwa mwalimu. Kwa mwalimu wa jiografia aliwahi kuandika kwamba wanafunzi wake wameandika kurasa kumi na moja juu ya bonde la mto Kongo bila kuchora ramani hata moja. Kwa mwalimu wa Kifaransa alihesabu ni insha ngapi zimetolewa tangu Septemba na ngapi zimesahihishwa. Walimu walimwogopa mwaka wa kwanza; kuanzia mwaka wa pili wakaanza kumletea madaftari wenyewe.

Siku moja aliona kwamba katika madaftari yote matatu ya darasa moja masomo ya kemia yanakomea tarehe moja, wiki tatu nyuma, ingawa mwalimu alikuwa ametia sahihi ya kuhudhuria kila siku. Prefe mwingine angemfukuza, au angenyamaza. Yeye alimwita, akafunga mlango, na ikajulikana kwamba mwalimu alikuwa anauza petroli katika chupa kando ya barabara kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa na miezi mingi bila malipo na watoto wanne. Mama prefe hakumtangaza mbele ya wenzake. Alibadilisha ratiba, akaweka kemia saa za mwisho, akamwambia kwamba wiki tatu zile zitalipwa siku za Jumamosi. Zililipwa. Sisi tulikaa darasani Jumamosi zile, tukinung'unika, na kemia tunayoijua ni ile. Shule ile haikuwa na kompyuta, wala msaada wa ng'ambo. Ilikuwa na mtu mmoja anayejua kinachoandikwa katika madaftari ya watoto aliokabidhiwa.

Linganisheni na asubuhi ya kufukuzwa, ambayo ninyi vijana mnaijua kuliko sisi. Kengele imelia, mwalimu amekwisha andika kichwa cha somo ubaoni, direkta wa nidhamu anaingia na orodha. Majina yanasomwa. Katika darasa la hamsini, thelathini wanatoka. Mwalimu anabaki na ishirini na hajui afanye nini: akiendelea, thelathini watarudi baada ya siku nne bila kuelewa kitu, asipoendelea, ishirini wamepoteza siku. Jambo hilo hurudi mara nyingi katika mwaka, na mwisho wa mwaka programu haikumalizika, lakini buletini zinatoka zote zimejaa alama za kozi zote. Alama hizo zimetoka wapi? Prefe anajua, maana orodha ya kufukuza ina sahihi yake pia.

Kuna alama nyingine ambazo asili yake ni mbaya zaidi. Msichana aliyekuwa dhaifu katika somo mwezi wa Novemba anapata 80 mwezi wa Februari, na hakuna insha wala zoezi linaloonyesha njia aliyopita. Wenzake wanajua, kitongoji chote kinajua, na yeye amenyamaza kwa aibu na kwa hofu. Prefe anayesoma madaftari na kulinganisha alama angeona mara moja, na angemwita mwalimu kabla mtoto hajaharibiwa. Prefe aliyefungiwa ofisini na mashine ya kuhesabia haoni, na sahihi yake inafunika dhambi ya mwanamume mzima juu ya mtoto. Dada zetu wanaotusomea ukurasa huu wasifikiri kwamba ni lazima kunyamaza: mwambieni mama mmoja wa jumuiya mnayemwamini, naye asikae na neno hilo peke yake.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. Mtihani wa Serikali ulianzishwa mwaka 1967 ili kijana wa kijijini na kijana wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja, na diploma ya mmoja isiwe chini ya diploma ya mwingine. Wazo hilo ni la haki, na lilipaswa kuwa rafiki wa maskini. Tumelifanya nini? Tumetengeneza kile kinachoitwa fedha ya mapokezi, fedha ya wasimamizi, fedha ya kituo, kila shule na jina lake. Wafinalisti wanachangishwa, na katika shule nyingi mtunza wa mchango huo ni prefe, au mtu wake. Mwezi wa Septemba kitambaa kinatundikwa langoni: asilimia 100 ya waliofaulu. Wazazi wanakimbilia hapo. Wengine huwahamisha watoto mwaka wa mwisho, kutoka shule kali ya mjini kwenda shule ya mbali ambayo sifa yake pekee ni kwamba kituo chake cha mtihani ni chepesi. Nao maprefe wakali, wale wanaokataa mchango, wanaona madarasa yao yakipungua mwaka hata mwaka, na wanaulizwa na wakubwa wao kwa nini shule yao haivutii.

Hatutasimama juu ya mlima kuwahukumu wengine. Baadhi yetu tulitoa mchango huo kwa ajili ya watoto wetu. Tulijiambia kwamba kila mtu anatoa, kwamba mtoto wetu ni hodari na fedha ni ya kumlinda tu asionewe. Tulitoa Jumamosi, na Jumapili tukakomunika. Mmoja wa watoto hao alituuliza baadaye, kwa upole, kama alifaulu kwa akili yake au kwa bahasha yetu. Hatukuweza kumjibu, na yeye hatajua kamwe. Hilo ndilo tulilomnyang'anya. Twaandika haya kwa sababu ninyi mnaotusoma bado hamjatoa, au mmechangishwa mara moja tu, na njia ya kurudi ni fupi kwenu kuliko kwetu.

Mtu atasema kwamba hakuna awezaye kukataa peke yake katika nchi kama hii. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kijana mlei wa Goma, Floribert Bwana Chui. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa. Aliletewa mchele ulioharibika, akaahidiwa fedha ili aupitishe, akakataa kwa sababu watu wangeula. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tunamheshimu, tunabeba picha yake katika maandamano. Lakini tutazame aliombwa nini hasa: aliombwa kuthibitisha kwamba kilichooza ni kizima. Prefe anayepiga muhuri juu ya buletini ya kozi isiyofundishwa anaombwa jambo lilelile, na mara nyingi hakuna anayemtishia kifo akikataa. Anatishiwa kupoteza wanafunzi na sehemu ya mapato. Hatusemi kwamba kila prefe lazima awe mtakatifu wa kuwekwa altareni. Twasema tu kwamba mchele ule ungeumiza matumbo ya watu wa mji, na diploma iliyooza hufika hospitalini kama muuguzi, hufika barabarani kama mjenzi wa daraja, na hurudi shuleni kama mwalimu.

Tumesema juu ya maprefe. Lazima tuseme pia juu ya wanaowaweka. Katika shule za mkataba ni Kanisa, kwa njia ya ile ofisi ya jimbo tunayoiita Kordinasio, linalopendekeza mtu, na Serikali humtambua. Hapa hatuwezi kuitupia Kinshasa lawama. Je, mtu huyu alichaguliwa kwa sababu alikuwa mwalimu ambaye wenzake humwendea wanaposhindwa kueleza somo? Au ni kwa sababu anatoka kabila fulani, ana ndugu katika ofisi fulani, anajua kukusanya na kutuma sehemu inayotakiwa kwenda juu, kila wakati na bila kuchelewa? Tunawaheshimu mapadri wetu na tunajua uzito wanaoubeba. Kwa heshima hiyohiyo twasema kwamba shule ya parokia inayodai karo kama shule ya mfanyabiashara na kufundisha vibaya kuliko yake inaharibu yale yanayohubiriwa kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya kikristu, ulikumbusha kwamba shule katolika inawategemea hasa walimu wake, na kwamba iwajali maskini. Prefe awekwe kwa kipimo hicho: afuatwe mwaka mzima akifundisha kabla ya kupewa ofisi, wasikilizwe walimu waliofanya naye kazi, na akishapewa, ripoti yake ya kwanza kwa Kordinasio iwe ya masomo kabla ya ripoti ya fedha.

Na walei? Tumekuwa waoga. Katika komite ya wazazi tunazungumza saa mbili juu ya rangi ya sare na dakika tano juu ya programu. Tunaogopa kwamba mtoto wetu atalipizwa kisasi. Prefe mwaminifu naye ameachwa peke yake: anapokataa kumpandisha mtoto wa mkubwa mwenye bunduki, nani huenda kusimama naye ofisini siku ile? Tunamjua mmoja aliyelala nje ya nyumba yake wiki mbili kwa sababu ya alama za mtoto mmoja. Jumuiya yake ilimwombea Jumatano jioni, na hilo ni jema, lakini hakuna aliyekwenda kumtembelea mchana.

Vijana wapenzi, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa tu. Wengi wenu mko katika humanite sasa, wengine mmeshapata diploma na mnangoja. Kuna mambo ambayo ni ninyi tu mnaoyajua: siku ambazo mwalimu hakuja, kozi ambayo haikufundishwa hata mara moja na ambayo ina alama katika buletini, mara ya mwisho prefe aliketi nyuma ya darasa lenu. Wapo kati yenu waliomo katika serikali ya wanafunzi ya shule zao. Cheo hicho si cha kupanga mistari wakati wa bendera tu. Andikeni tarehe. Mtu mwenye tarehe hupuuzwa kwa shida kuliko mtu mwenye manung'uniko. Semeni kwa adabu, kwa kuwa prefe ni mzazi wenu shuleni, naye huenda anangoja tu mtu amwulize kuhusu masomo badala ya minervali. Na wafinalisti, mchango wa mapokezi utakapoitishwa mwaka huu, kataeni mkiwa wengi. Mmoja akikataa ataonekana mkaidi. Kikundi kizima cha parokia kikikataa, pamoja na wazazi wao, kituo kitalazimika kufanya mtihani.

Wale kati yenu wanaosoma ualimu katika ISP tunawaomba jambo moja zaidi. Kazi hii imedharauliwa kiasi kwamba wengi huingia humo baada ya kukosa mahali pengine. Baadhi yenu mtakuwa maprefe kabla ya miaka ishirini kupita. Anzeni sasa kuweka madaftari yenu ya maandalizi kama yatakayosomwa na mtu, hata kama leo hakuna anayeyasoma.

Mkutano wetu wa kwanza baada ya kufunguliwa kwa shule utafanyika kama desturi katika ukumbi wa parokia. Safari hii kila kikundi kilete daftari moja la hisabati na moja la Kifaransa la mwanafunzi wa humanite wa mwaka uliopita, jina likiwa limefunikwa kwa karatasi. Tutayasoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na walimu walio wanachama wetu watatueleza kilichopaswa kuwa ndani yake kufuatana na programu. Kisha wajumbe wetu katika komite za wazazi watampelekea kila prefe barua ya heshima, wakiomba kuona daftari lake la ziara za madarasa. Pale ambapo daftari hilo halipo, watamwuliza ni siku gani ya juma ataanza, na saa ngapi, ili mmoja wetu aje kukaa ofisini kupokea watu wa minervali wakati yeye yuko darasani.